Sakafu ya karatasi za kaki: je, itavuka masika?

"Assalamu alaykum. Nipo Pemba, nje kidogo ya Wete. Nina chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12, chini ni saruji iliyopigwa niru zaidi ya miaka kumi nyuma, na sasa imeanza kuchubuka na kufanya nyufa nyembamba. Marumaru kwa sasa siziwezi. Nimeona video mtu anachana mifuko ya karatasi za kaki, anaifinyanga, anaibandika kwa gundi kisha anapaka vanishi, sakafu inatoka kama ngozi. Imenipendeza mno. Mume wangu anayo mifuko mitupu ya saruji, na jirani yangu ananiambia hata gundi si lazima, uji wa muhogo unatosha. Wasiwasi wangu ni maji. Nikishapaka vanishi naweza kupiga deki kama kawaida? Na nipake mikono mingapi? Nataka kuanza mwezi huu, kabla ya masika, maana masika chumba hicho hata mkeka unaota ukungu."

Wa alaykum salaam, dada yangu. Wasiwasi wako ni maji ya ndoo, lakini kilichonishtua mimi ni ule mkeka uliougusa mwishoni kana kwamba si kitu. Mkeka unaoota ukungu kila masika unajua habari za sakafu yako kuliko video yoyote. Nitaanza na huo, kisha nitarudi kwenye vanishi na uji wa jirani.

Kwanza, kazi yenyewe si ya uongo. Karatasi ya kaki imeshikana kwa nyuzi ndefu na ngumu, ndiyo maana inabeba kilo 50 za saruji bila kuchanika. Ikifinyangwa na kukunjuliwa inapata mikunjo, gundi inaingia kwenye mikunjo hiyo na kuifanya myeusi kidogo kuliko pengine, na hapo ndipo unapopata ile sura ya ngozi. Nimeshazibandika Unguja kwenye vyumba vya ghorofani na hadi leo zinakaliwa. Nimebandika pia moja iliyonitia aibu, na hiyo ndiyo itakayokufaa zaidi.

Ilikuwa sebule ya nyumba ya chini. Niliibandika Januari, kaskazi imeshika, sakafu kavu kama chungu kilichotoka motoni. Nikapaka vanishi mikono minane, mwenye nyumba akafurahi, akanilipa. Mwezi wa tano akanipigia simu. Nilipofika nikakuta malengelenge upande mmoja wa chumba, mengine makubwa kama sahani. Nikaweka kidole gumba juu ya moja na kubonyeza, likahama. Nikachoma kwa ncha ya kisu, nikashika pembe na kuvuta: karatasi ikaja nzima, kipande cha karibu mita moja, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Vanishi yangu juu haikuwa na hata mkwaruzo. Chini yake gundi ilikuwa imerudi kuwa nyeupe na laini, unaifuta kwa kidole. Hakuna aliyemwaga maji mle ndani. Yalitoka chini.

Mambo yanakwenda hivi. Saruji ukiitazama kwa macho ni jiwe, lakini ndani imejaa vitundu vidogo mno vilivyoungana. Maji ya ardhini hupanda kwenye vitundu hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Nyumba zinazojengwa vizuri siku hizi hutandikwa nailoni nene juu ya kifusi kabla ya kumwagwa zege, ili utambi huo ukatike. Nyumba nyingi zetu za zamani, na nyingi za juzi pia, hazina nailoni hiyo. Maji yanapanda mwaka mzima, ila hatuyaoni, kwa sababu yakifika juu hewa inayachukua. Sakafu inatoka jasho na jasho linakauka hapo hapo. Ukiifunika kwa kitu kisichopitisha mvuke, jasho halina pa kwenda na linajikusanya chini ya ulichofunika. Kama umewahi kufunua kapeti la nailoni mwezi wa nne ukakuta chini kumelowa na kunanuka, basi umeshaliona hilo.

Vanishi ni hilo kapeti, ila limegandishwa. Kila mkono unaoongeza unaziba zaidi. Kwa hiyo ile imani kwamba vanishi nyingi huzuia maji ni kweli kwa maji yanayotoka juu. Kwa yanayotoka chini ni kama kuweka mfuniko kwenye sufuria.

Gundi nayo ina udhaifu wake. Ile nyeupe ya mbao, inayotengenezwa kwa polivinili asetati, hukauka maji yake yanapotoka, na yakirudi yakakaa inalainika tena. Juu ya hilo, maji yanayopita ndani ya saruji yanabeba ukali wa saruji wenyewe, ule ule unaokula mikono ya mafundi waashi, na ukali huo unaivunjavunja gundi polepole. Hata gundi ya mbao iliyoandikwa kwamba inastahimili maji huchelewa tu kushindwa. Haikutengenezwa kuishi juu ya zege lenye unyevu.

Sasa tuwe waadilifu kwa mkeka wako. Ukungu wa masika si lazima uwe umetoka ardhini. Hewa yetu miezi ile imebeba maji mengi, na sakafu ya saruji huwa baridi kuliko hewa, basi unyevu wa hewani hutua juu yake kama unavyotua kwenye gilasi ya maji baridi. Kama ni hilo tu, karatasi yaweza kukaa. Unatofautisha hivi. Kata kipande cha nailoni angavu, kama nusu mita kila upande. Fagia mahali, ukaushe, ukitandike kipande sakafuni na uzibe kingo zote nne kwa tepu pana pasipate hata upenyo wa sisimizi. Uache siku mbili. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni hewa. Yakiwa chini ya nailoni, au saruji pale imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, ni ardhi. Fanya sehemu tatu: katikati, karibu na ukuta wa nje, na upande unaopakana na choo ikiwa upo.

Lakini hapa ndipo nilipoteleza mimi, na ndipo unapotaka kuteleza wewe. Jaribio la kaskazi linajibu habari za kaskazi tu. Ukilifanya sasa na likatoka na matone chini ya nailoni, mambo yamekwisha, usibandike. Likitoka kavu, bado hujajua kitu. Lirudie mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshanyesha wiki mbili tatu. Najua unataka kumaliza kabla ya masika, na kwa upande wa vanishi una haki, kwa sababu hukauka vizuri kaskazi na kipupwe, na ukiipaka kwenye hewa nzito ya mvua inaweza kuingia weupe kama wingu. Lakini baada ya masika kuna kipupwe, kuanzia mwezi wa sita, kukavu vya kutosha na kuna upepo wa kusi. Hupotezi kitu kwa kungoja.

Badala ya chumba kizima, mwezi huu bandika kipande kimoja cha nusu mita mraba kwa njia kamili, uache masika ipite juu yake. Njia kamili ni hii.

Jua kwanza kama sakafu yako inakubali gundi. Dondosha matone machache ya maji. Yakinywewa ndani ya dakika chache, vizuri. Yakisimama kama shanga, ama niru imelainishwa mno, ama imewahi kupakwa nta ya kung'arishia, na sakafu nyingi za niru nyekundu zimekula nta miaka na miaka. Nta lazima itoke: sugua kwa brashi ngumu, maji ya moto na sabuni, suuza, acha ikauke, kisha pitisha msasa wa kukwaruza hadi ule mng'aro ufe. Panapochubuka patoke pote. Gundi inashika kile ilichokuta juu, na ikikuta ganda lililolegea itashikamana na ganda hilo, kisha vyote viwili ving'oke pamoja. Nyufa nyembamba zijaze kwa saruji laini na uziache zikauke siku kadhaa.

Mifuko ya mumeo, itazame. Mingine siku hizi ni nailoni ya kufumwa, hiyo haifai hata kidogo. Ya karatasi huwa na tabaka zaidi ya moja. Chukua la ndani lisilo na maandishi, likung'ute nje ya nyumba huku umefunga pua na mdomo, ulifute kwa kitambaa kibichi. Nimesikia mafundi wakisema vumbi la saruji lililobaki kwenye karatasi linasaidia kushika. Halisaidii. Linaweka uchafu kati ya gundi na sakafu, na linatoa mabaka. Mimi napenda zaidi mifuko ya kaki ya madukani, ambayo haikosekani tangu ya plastiki ipigwe marufuku.

Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa ni mwembamba na unalala vizuri chini ya mwenzake. Vipande vya ukubwa wa kiganja hadi sahani. Vyenye kingo zilizonyooka viweke mbali kwa ajili ya kando ya ukuta. Finyanga kila kimoja kiwe tonge, kikunjue, ukifinyange tena. Gundi sehemu moja, maji sehemu mbili, kwenye ndoo. Chovya, kamua kidogo, paka gundi kidogo sakafuni, tandika, kisha sukuma kwa viganja kutoka katikati kwenda nje mpaka usikie hakuna hewa. Sikiliza kwa mikono: palipo na hewa panadunda. Kila kimoja kilalie mwenzake upana wa vidole viwili. Gundi nzito zaidi haiongezi nguvu, inafanya madimbwi yanayokauka juu huku ndani mabichi.

Acha karatasi mpaka ikauke kweli. Siku mbili kwa kaskazi, nne kama hewa ni nzito. Karatasi mbichi ni nyeusi, kavu inang'aa rangi yake, na ukiweka mgongo wa mkono hausikii ubaridi. Ukipaka vanishi juu ya karatasi yenye maji umeshafunga unyevu ndani hata kabla ardhi haijaleta wake.

Vanishi, basi. Mikono mingapi? Kwa chumba cha kulala sishuki chini ya sita, na napenda minane. Kila baada ya mikono miwili pitisha msasa laini kwa wepesi, futa vumbi, endelea. Ile ya maji hukauka kwa saa chache, haina harufu kali na haibadilishi rangi sana. Ile ya mafuta ni ngumu na inaleta rangi ya asali, lakini inataka siku nzima kila mkono na mvuke wake si mchezo: madirisha wazi, watoto na mwenye pumu walale chumba chengine, mjamzito asiishike kazi hiyo. Matambara yaliyolowa vanishi ya mafuta usiyarundike pembeni, yanaweza kujipasha moto na kuwaka yenyewe; yatandaze nje au yatie kwenye ndoo ya maji. Nunua isiyong'aa sana. Inayong'aa kama kioo huteleza, khasa mtu akiingia na miguu mibichi kutoka kutia udhu.

Hapa pana hesabu ambayo video huwa haziisemi. Chumba chako ni kama mita mraba 11. Lita moja ya vanishi kwa kawaida hupaka mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono minane ni lita nane hivi. Karatasi ni bure, gundi si ghali, vanishi ndiyo inayokula pesa. Nenda ukaulize bei ya lita nane Wete au Chake kabla ya kuchana mfuko wa kwanza, kisha uilinganishe na saruji, rangi ya unga na ujira wa fundi wa kupiga niru upya. Kuna watu wamerudi na uamuzi mwengine kabisa wakiwa bado dukani.

Na deki? Si kama kawaida. Ile ya kumwaga ndoo na kusukuma maji kwa ufagio mpaka mlangoni, sahau. Kitambaa kilichokamuliwa, basi. Maji yakimwagika yafutwe hapo hapo. Weka kitambaa cha kufutia miguu mlangoni, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya mchanga, maana mchanga ndio msasa unaokula vanishi bila ya kukuambia. Chetezo kisikae juu yake bila sahani. Kaa moja la udi likidondoka linatoboa, na kiraka hakifichiki. Kitanda kiwekee vipande vya mpira chini ya miguu, na usikirudishe mpaka wiki ipite.

Uji wa muhogo mwambie jirani ahsante. Unabandika, sikatai, sote tumetengeneza tiara kwa uji skuli. Lakini wanga ni chakula. Ukungu unaula, mende wanaula, na ukilowa unakuwa uji tena. Karatasi yenyewe pia ni chakula, kwa mchwa. Hili Pemba si la kupuuza. Mchwa wa ardhini hupita hata kwenye ufa mwembamba sana, na wakikuta karatasi imetandazwa chumba kizima gizani chini ya vanishi, utakuja kujua wameshamaliza. Tazama pembeni mwa kuta na kwenye fremu za milango. Ukiona njia zao za udongo, simamisha kazi na umwite mtu wa dawa ya mchwa kwanza.

Sasa nikuambie ninavyoona mimi kwa chumba chako. Nyumba ya chini, zaidi ya miaka kumi, mkeka unaota ukungu: ningebashiri ardhi kuliko hewa, na nisingebandika chumba kizima. Nikikosea, kile kipande kitanisuta mwezi wa sita na utaendelea kwa furaha. Nikiwa sawa, una njia nyengine. Niru mpya yenye rangi nyekundu au ya kahawia inapumua, inapigwa deki kwa ndoo, mchwa hawaili, na fundi mwashi yeyote mzuri anaijua; haitakuwa kama ngozi, lakini itakaa. Kama roho yako imeshikwa na ile sura ya karatasi, ibandike pasipopanda maji: ubao wa nyuma ya kitanda, meza, mlango wa kabati. Kuna wanaoweka plaiwudi juu ya sakafu na kubandika juu yake. Kwenye sakafu yenye unyevu mimi sikushauri, ubao utaoza na kupinda, na mchwa utakuwa umewawekea karamu ya vyakula viwili.

Wapo pia watakaokuuzia rangi ya kuziba sakafu ili maji yasipande. Zipo za sehemu mbili zinazochanganywa ambazo kweli huzuia, zikipakwa na anayezijua juu ya saruji iliyotayarishwa. Lakini maji uliyoyazuia katikati yatatafuta ukuta. Kabla ya kuzinunua, toka nje mvua ikinyesha utazame maji ya paa yanaangukia wapi. Yakiwa yanaangukia kwenye mguu wa ukuta, na Pemba yetu ya vilima huenda yakawa yanateremka pia kutoka kwa jirani wa juu, basi mfereji wa kuyapeleka mbali utakausha chumba kuliko kopo lolote.

Kwa mnaosoma mkiwa na sakafu za namna nyengine: mwenye fleti ya juu kwenye majumba kama ya Michenzani, yaliyojengwa miaka ya 1970, ana zege ambalo haligusi ardhi, kwa hiyo hofu yake ni choo na bomba tu. Sakafu mpya ipewe muda, takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Zege la sentimita 10 ni miezi minne. Na aliye Mji Mkongwe kwenye nyumba ya mawe na chokaa asijaribu kabisa. Chokaa na boriti vinaishi kwa kupumua, na mji ule upo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Anayetaka kubadilisha kitu aanzie kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Yako machache ambayo siwezi kuyahukumu kwa mbali, dada. Ufa unaoingiza ukingo wa sarafu, au upande mmoja umekuwa juu kuliko wa pili, au ufa huo huo unaendelea kupanda ukutani: mwite fundi mwashi aje aone msingi. Sehemu moja ikiwa imelowa hata kiangazi, mwite fundi bomba, na muulize shimo la choo liko umbali gani na chumba.

Kipande chako cha majaribio usikiweke katikati ya chumba ambako kila mtu atakiona na kukusifu. Kiweke kwenye kona ya ukuta unaopigwa na mvua, chini ya kitanda. Kabla ya vanishi andika tarehe kwa penseli juu ya karatasi, ndogo, pembeni. Mwezi wa sita sogeza kitanda, ubonyeze kwa kidole gumba, uniandikie umesikia nini.